Salamu za Dakika Nne

1

Siku ya tano tangu Mwajabu aseme hapana, niliitwa nikakague kisanduku chake.

Nilipanda asubuhi na begi langu la vifaa. Ukungu ulikuwa bado umejilaza juu ya matuta ya kabichi, na kila nilipopita njia ilijifunga tena nyuma yangu. Nyumba ya Walalao haionekani mpaka uifikie. Kwanza unasikia maji yakipita kwenye mabomba, halafu unaona ukuta mweupe, halafu mlango. Juu ya mlango kuna kibao cha shaba: *Visanduku vya nyumba hii vilitengenezwa na Fundi A. Hozza.* Kwa miaka kumi na miwili nimepita chini ya kibao kile, na sikuwahi kupita bila kukisoma.

Daktari Elinami alinipokea kwa shikamoo na kikombe cha chai ya tangawizi. Ndiye mkuu wa nyumba, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya chini kwa sababu ya kukaa sana na watu waliolala.

"Mume wa Mwajabu amekataa kutia saini," alisema. "Anashikilia kwamba mke wake hawezi kusema hapana. Sheria inampa haki laini inayoleta majibu yake ikaguliwe ndani ya siku saba. Ndiyo maana nimekusumbua, Mzee Hozza."

"Hujanisumbua. Laini yangu haina kitu."

"Najua. Andika hivyo tu, naye aridhike."

Siku ya saba ilikuwa keshokutwa. Siku hiyo maji yanayompoza Mwajabu yangefungwa. Mapafu yake hayana tiba bado, kwa hiyo angepata joto taratibu na kufa bila kuamka. Katika nyumba ile jambo hilo linaitwa kuachiwa.

Wodi ni moja, ndefu. Vitanda ishirini viko upande wa madirisha yanayotazama magharibi, na ishirini upande wa ukuta wa mlima. Kila aliyelala amefunikwa blanketi la mirija ya maji, na ukutani juu ya kichwa chake kuna taa ya kijani, ndogo kama punje ya hindi. Taa ikiwaka, mlalaji amenyamaza. Ikizimika, anasema. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umepenya hata ndani, na zile taa arobaini zilionekana kama mji wa ng'ambo unaoutazama ukiwa umelala chali chini ya maji.

Watu wale hawajafa, na hawako macho. Kwa nyuzi nne za joto ndoto huenda polepole sana, na dakika yetu nzima kwao ni kupepesa jicho. Ndiyo maana hawasemi kwa maneno, wanasema kwa dakika. Mara moja kwa mwaka wanapashwa moto kidogo na kuulizwa Swali: uendelee kulala, ukisubiri tiba? Jibu huchukua dakika kumi kufika. Ndiyo huanza kwa dakika mbili za giza, kisha taa inawaka dakika tatu. Hapana huanza kwa dakika nne za giza, kisha taa inawaka dakika moja. Dakika zinazobaki ni za kufunga jibu, nazo hufanana.

Zamani, kabla yangu, waya ulitoka kichwani mwa mlalaji ukaenda moja kwa moja mpaka ofisini. Kisha radi ikapiga mlingoti na kumfuata mgonjwa kitandani. Nilipoitwa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuukata waya ule. Upande wa mlalaji niliweka kitaa, upande wa ofisi niliweka kijicho cha umeme, na kati yao nafasi isiyozidi punje ya mchele, vyote ndani ya kisanduku kimoja kando ya kitanda. Mlalaji anaposema, kitaa kinawaka, kijicho kinaona, taa ya kijani inazimika. Hakuna kinachovuka ila mwanga, na radi haijui njia hiyo. Jambo hili nililisoma katika masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na mbili, nimekaa dawati moja na vijana wa kuwazaa.

Kitaa na kijicho lazima vikae gizani, vionane vyenyewe tu. Mirija myeusi ya kiwandani haikuwa ikipatikana huku mlimani, kwa hiyo nilikata tyubu za baiskeli nikavivisha, jozi arobaini. Watu walicheka. Radi ya masika ilipopiga mara mbili bila mtu kudhurika, waliacha kucheka, wakatundika kibao.

Nilipiga magoti kati ya dirisha na kitanda cha kumi na nne, nikavuta kisanduku, nikafungua kifuniko. Umeme wa upande wa mlalaji ulikuwa volti tano kamili, na wa upande wa ofisi vilevile. Nilipima kama ethi, zile waya za kupeleka umeme ardhini, za pande mbili zimegusana mahali, hazikugusana. Resista, vile vipande vya kupunguza umeme, zilikuwa na thamani ileile niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ndani ya kifuniko. Nilichomeka kifaa changu cha majaribio, kinachotuma majibu kwa kasi ili nisikae mwaka mzima, nikatuma ndiyo ishirini. Zilifika ndiyo ishirini. Nikatuma hapana ishirini, zikafika hapana ishirini.

Niliandika kwenye fomu: *Laini haina kasoro.* Nikaweka tarehe. Nilibakiza saini tu, kwa sababu kalamu iliganda kwa baridi.

2

Mchana nilishinda nikitengeneza pampu ya maji, na nilikuwa nimerudi kitandani naipashia kalamu moto kiganjani alipoingia Shekalaghe, mume wa Mwajabu. Ilikuwa saa kumi alasiri na ukungu ulikuwa umeondoka. Ni mkulima wa mapeasi, mrefu, mwenye koti lililoshonwa viwiko upya kwa kitambaa cha rangi nyingine. Mkononi alikuwa na mapeasi matatu. Alinisalimu kwa kichwa tu, kwa sababu hakuwa amenijia mimi.

Alisimama miguuni mwa kitanda.

"Hodi, Mwajabu."

Alingoja kama unavyomngoja mtu aliye jikoni akinawa mikono. Kisha akafungua pazia.

Huku kwetu mtu hasalimiwi gizani. Anayeongea na mtu gizani ni mwizi. Ukiingia kwa mgonjwa unafungua pazia, jua linamgusa, unamsalimu mpaka salamu ziishe, kisha unafunga umwache apumzike. Jua la alasiri liliingia likalala juu ya blanketi, na taa ya kijani juu ya kichwa cha Mwajabu ikazimika.

"Umeona, fundi?" alisema Shekalaghe bila kugeuka. "Kila nikija. Waulize manesi. Ananiitikia. Sasa mtu anayeniitikia miaka sita, leo aseme hapana?"

Nilikwisha kuambiwa jambo hilo na manesi. Walisema walalao wa dirishani huwasikia ndugu zao, na nilipolisikia mara ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyeambiwa mwanawe amefaulu.

"Onga mshi, mke wangu," aliendelea, kwa salamu yetu ya mchana. "Mbuzi wa kijivu amezaa pacha. Mmoja ana doa la mama yake, wa pili sijui amemfuata nani, tusiulizane. Yule jirani bado anaulizia lile sufuria lako kubwa, nimemwambia utamjibu mwenyewe ukiamka. Mvua ni nzuri. Peasi la mwaka huu ni tamu, lakini halijakufikia wewe."

Aliweka mapeasi kwenye kimeza, akatengeneza blanketi ambalo halikuhitaji kutengenezwa, akafunga pazia. Taa ikawaka.

Nilikuwa nimetazama saa bila kukusudia, ni mazoea ya kazi. Dakika nne na sekunde chache.

"Bwana Shekalaghe," nilisema, "lifungue tena."

"Ameshapumzika."

"Nakuomba."

Alifungua. Tofauti na asubuhi, nilikuwa nimesimama pembeni, si kati ya dirisha na kitanda. Taa ilizimika. Niliinama nikaweka kiganja juu ya matundu ya hewa ya kisanduku, matundu niliyoyatoboa mwenyewe ili unyevu usikae ndani. Taa ikawaka. Nikaondoa kiganja, ikazimika. Nilirudia mara tatu, ingawa mara ya kwanza ilitosha.

Nilifungua kifuniko na kuupapasa mpira wa tyubu kwa ukucha. Ulikuwa umepasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama wa kisigino wakati wa kipupwe. Kwa miaka kumi na miwili jua la alasiri lilikuwa limeukausha kidogo kidogo, na sasa lilikuwa linapita ndani, likikaa mahali palipotakiwa kuwa na mwanga wa Mwajabu peke yake. Kijicho hakijui mwanga huu ni wa nani. Kikiona chochote, kinaizima taa ya juu. Asubuhi sikuona kitu kwa sababu jua lilikuwa bado upande wa mlima, pazia lilikuwa limefungwa, na juu ya hayo yote mwili wangu mwenyewe ulikuwa kivuli.

"Siku ya Swali," niliuliza, "ulikuwepo hapa?"

"Nitakuwa wapi tena? Miaka mingine aliulizwa asubuhi kwenye ukungu, safari hii alasiri. Taa ilizimika, daktari akasema ameanza kusema. Nikafungua pazia nikamsalimu. Mtu akikufumbulia kinywa utakaaje kimya?"

"Ulimsalimu kwa muda gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza ana vidole vingapi.

"Kama kawaida yangu."

Nilifunga kisanduku. Fomu niliikunja nikaitia mfukoni.

"Nipe mpaka kesho," nilimwambia.

3

Ofisini niliomba daftari la majibu, nikalisoma nimesimama.

Miaka minne ya mwanzo hakuna mlalaji aliyesema hapana. Ya kwanza ilikuja mwaka wa tano. Nakumbuka wakati ule tulisema kwamba watu wameanza kuchoka kuota. Tangu hapo waliosema hapana na kuachiwa walikuwa kumi na mmoja. Nilizipitia namba za vitanda vyao kwa kidole: cha tisa, cha tatu, cha kumi na tisa, cha saba. Zote zilikuwa za upande wa madirisha. Upande wa ukuta wa mlima hakuna hata mmoja. Na kitanda cha kumi na sita, kilichopo dirishani lakini hakina ndugu wa kukitembelea, kilisema ndiyo kila mwaka.

Ndipo nilipohitaji kiti.

Mwenye salamu fupi hakuharibu kitu, maana dakika mbili za mwanzo ni giza kwa vyovyote. Mwenye salamu ndefu mno aliharibu jibu zima lisisomeke, nalo lilirudiwa mwezi uliofuata. Lakini aliyesalimu dakika nne, kwa utaratibu, kama watu wetu wanavyosalimu mtu wanayempenda, alifuta dakika mbili za mwanzo kati ya zile tatu za mwanga wa ndiyo. Kilichobaki kilikuwa hapana safi, isiyo na doa.

Daktari Elinami alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekunja mikono ndani ya mikono ya koti lake jeupe.

"Wengine huenda walisema hapana kweli," alisema.

"Huenda. Jua haliwezi kugeuza hapana kuwa ndiyo, linaweza kinyume chake tu. Lakini ni nani kati ya wale kumi na mmoja, hakuna atakayejua."

"Basi sikiliza, mzee wangu. Kesho weka mirija mipya kwenye vitanda vyote. Tutaandika matengenezo ya kawaida. Mwajabu tutamuuliza upya. Kasoro itakuwa imekwisha na mtu atakuwa amepona."

"Na wale?"

"Wale wamezikwa. Familia zao ziliambiwa ndugu yenu amechagua mwenyewe, na kwa neno hilo wanapata usingizi. Ukienda kuwaambia, utawapa nini badala yake? Huna jibu la kuwapa. Una shaka tu. Na utawaambia nani aliyezima taa? Si wewe peke yako, Mzee Hozza. Mkono uliofungua pazia ni wao wenyewe."

Hilo sikuwa nimelifikia. Nilikuwa nimekaa na mpira wangu na ufa wangu, nikidhani aibu yote ni yangu. Kumbe ningebisha hodi kwa mama wa mtu na kumwambia kwamba salamu zake ndizo zilizomjibia mwanawe.

Nilimwomba daktari mirija myeusi, ambayo siku hizi inapatikana, nikaanza na kitanda cha kumi na nne.

4

Kesho yake Shekalaghe alikuja mapema. Nilimkuta kwenye benchi la nje nikakaa kando yake. Nilimweleza yote, kitaa, kijicho, mpira na ufa. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliosoma nao.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "aliyekuwa akiniitikia ni jua."

"Ndiyo."

Alitazama mabonde kwa muda. Huko chini ukungu ulikuwa unapanda ukimeza miti mmoja mmoja, na kila uliomezwa ulibaki kidogo kama kumbukumbu, kisha haukuwepo.

"Ungeweza kutoniambia hilo," alisema. "Ungesema tu waya umelegea."

"Ningeweza."

"Lile la taa lilikuwa langu. Nilikuwa nikiteremka nalo nyumbani." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Lakini jibu lake ni lake. Na wengine je, fundi? Vitanda vya dirishani tuko wengi."

Nilisema gundi ya mirija mipya inakauka, twende ndani.

Saa kumi Mwajabu alipashwa moto na kuulizwa. Kisanduku kilikuwa na mrija mpya, na juu ya mrija nilikuwa nimefunga koti langu, si kwa sababu lilihitajika. Shekalaghe alikaa kwenye kigoda, mikono ameikalia. Pazia lilikuwa limefungwa na jua lilikuwa nyuma yake, likilifanya liwe jekundu kama kope za macho yaliyofumbwa.

Taa ilizimika.

"Ameanza," alisema daktari.

Shekalaghe aliinuka kwa mazoea, akafika nusu ya njia kuelekea dirishani, akasimama. Akarudi akakaa.

"Hodi, Mwajabu," alisema gizani, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kukosa adabu.

Dakika ya kwanza ikapita. Niliwaza kule aliko, katika maji yake ya ndoto, neno likianza kupanda kama povu kutoka chini ya kisima, na juu hakuna anayelivuruga. Dakika ya pili ikapita. Daktari alikuwa anatazama saa. Mimi nilitazama taa. Nilijua kwamba ikibaki giza nitakuwa nimelemewa kidogo tu, nami nitaweza kusema huenda wote kumi na mmoja walimaanisha walichosema. Kwa kitambo, Mungu anisamehe, nusu yangu ilitaka ibaki giza.

Dakika ya tatu, taa iliwaka.

Iliendelea kuwaka dakika tatu kamili. Shekalaghe alichukua peasi moja kwenye kimeza, akaling'ata, akawa anatafuna huku machozi yanapita, akitazama ile punje ya kijani mpaka ilipozimika kama ilivyotakiwa, na jibu likafungwa.

Daktari Elinami alinishika bega. "Amesema ndiyo, Mzee Hozza. Tushukuru. Yaishie hapa."

Nilitazama kitanda cha tisa. Siku hizi anakilalia mtu mwingine. Nilijaribu kukumbuka aliyekuwa pale kabla yake, na nilimkumbuka vizuri: Hemedi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na mama yake Bi Zuhena, aliyekuwa akija kwa miguu kutoka Mlola na kusalimu kwa utaratibu, mmea kwa mmea, jirani kwa jirani.

"Hayataishia hapa," nilisema.

"Ukienda, utakwenda kama Hozza. Sitaituma nyumba hii."

"Ndivyo nitakavyokwenda."

Nilikusanya vifaa vyangu. Nilikuwa nimefika getini niliposikia viatu nyuma yangu kwenye kokoto. Daktari alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, akageuka na kurudi. Ndani yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, kulikuwa na majina kumi na moja na vijiji vyao. La Hemedi lilikuwa la kwanza.

Nikiwa njiani ndipo nilipogundua kwamba nilipita chini ya kibao bila kukisoma.

5

Nyumba ya Bi Zuhena iko mwisho wa njia, mahali ambapo migomba inaishia na miti ya mlima inaanza. Nilifika alasiri. Kwenye mfuko wa shati nilikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kipande cha tyubu ya baiskeli, urefu wa kidole, chenye ufa. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na kila nilipofika kwenye neno pazia, mpangilio ulinivunjikia.

"Hodi."

"Karibu, pita. Nani huyo?"

Alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, anachambua maharage kwenye ungo, karibu gizani. Amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho. Alinikazia macho, kisha uso wake ukafunguka.

"Ni fundi wa taa," alisema. "Karibu, baba, karibu. Wewe ndiye uliyenifanya nimsikie mwanangu. Nilimsalimu siku ile naye akanijibu. Wangapi wamepata bahati hiyo?"

Nilibaki nimesimama mlangoni, mkono juu ya bahasha.

"Nimekuja na neno, mama. Si jepesi."

"Neno litangoja salamu," alisema Bi Zuhena. Aliweka ungo chini, akajishikilia ukutani, akainuka kwa shida, akaenda dirishani kufungua pazia ili tuonane vizuri.